Bega la Kulia la Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyevuliwa shati mbele ya wanafunzi zaidi ya mia mbili na kila mara akarudi nyumbani anajisifu. Mtaani wanamwita Winchi. Jina hilo alilipata ghalani, alikobeba magunia ya nafaka miaka ishirini na miwili, na limemkaa hivi kwamba ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake anageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Nilihamia kwao nilipopata nafasi katika chuo cha tiba ya viungo, kile kinachofundisha watu kurudisha kazini mikono na miguu iliyogoma. Shemeji alikuwa mlinzi wa lango hapo hapo chuoni. Ghalani alitoka, kwa maneno yake mwenyewe, baada ya kukorofishana na msimamizi. Ugomvi ule alitusimulia mara nyingi, na kila alipousimulia msimamizi alizidi kuwa mfupi na yeye alizidi kuwa na hoja. Tulimwachia. Mtu aliyekula chumvi nyingi ana haki ya kushinda angalau ugomvi wake mwenyewe.

Namna alivyopanda cheo kutoka langoni hadi darasani ni hivi. Siku moja ya joto, miaka kadhaa kabla sijafika, Mwalimu wetu wa mwili, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, alikwenda kibanda cha mlinzi kuchukua ufunguo akamkuta anabadilisha shati. Mtu mwingine angegeuka upande, aombe radhi. Mwalimu alivaa miwani.

“Hebu inua mkono,” akamwambia.

Shemeji akainua wa kushoto.

“Mungu wangu! Meno yote yanahesabika!”

Shemeji akafumba mdomo haraka. Ilibidi Mwalimu amweleze kwamba hasemi meno ya kutafunia. Chini ya kwapa, mahali ambapo wengi wetu tuna ngozi na kumbukumbu ya chakula cha jana, yeye alikuwa na vipande vya nyama vilivyojipanga juu ya mbavu kama meno ya msumeno. Ndiyo maana sisi darasani tuliuita msuli wa msumeno. Kwa watu wengi huuoni mpaka kwenye picha. Kwa shemeji uliuona akiwa anapiga miayo.

Kuanzia hapo, kila Jumatano alimwachia mwenzake lango kwa saa mbili, akaja kukaa kifua wazi kwenye chumba cha mazoezi, wanafunzi wakamchora kwa kalamu za rangi. Nyekundu ilikuwa ya msuli mkubwa wa kifua, unaotandaa kutoka mtulinga na kidari hadi juu ya mkono. Buluu ya msuli wa bega, ule unaolifunika bega kama kofia. Kijani ya msumeno. Kiti alikipanga mwenyewe, kila mara pale pale, bega la kulia limegusa ukuta, la kushoto likitazama dirisha. “Mwanga mzuri uko huku,” alisema siku ya kwanza, na kwa kuwa ana sauti ya mtu aliyelijenga jengo, hakuna aliyembishia. Hata Mwalimu hakumbishia.

Nyumbani alifika na rangi zake. Dada alipiga kelele kuhusu shuka, akamsugua kwa dodoki mpaka mume akawa wa pinki. Yeye hakujali. Alifungua vifungo viwili vya shati zaidi ya inavyofaa umri wake, akaenda kwa kinyozi, akakaa akisubiri aulizwe. Kinyozi ni mtu mwema, aliuliza. Basi wateja wote wakapata somo. Shemeji hakuyapenda sana majina ya kitabuni, aliyabadilisha kwa lugha ya ghalani: msuli mkubwa wa kifua akauita mkumbatiaji, maana ndio unaouvuta mkono kuja kifuani; ule wa shingoni hadi begani akauita mto wa gunia; na wa msumeno, mpiga ngumi, kwa sababu ndio unaolisukuma bega mbele.

“Na chini ya mkumbatiaji,” alituambia jioni moja mezani, “kuna mdogo wake. Huwezi kumwona. Amejificha kabisa, hasifiwi na mtu, lakini bega likikaa mahali pake ujue na yeye ana mkono wake.”

“Kama mimi,” alisema dada, akiondoa sahani.

Sasa mimi. Mimi na shemeji tunataniana sana, na ni haki yetu. Lakini utani wa mdomo ni kitu kimoja, na kumshika shemeji kifua mbele ya darasa zima ni kitu kingine kabisa. Jumatano ya kwanza nilimgusa kama mtu anayepima pasi kama imepata moto. Mwalimu akasema, “Binti, unampima au unamtekenya?” Shemeji akacheka mpaka mchoro wa mwenzangu ukapinda, na darasa likaniita Unyoya muhula mzima. Msuli haujulikani kwa kupapasa. Unabonyeza mpaka uhisi nyuzi zake zinakwenda wapi, halafu unamwambia mtu afanye kazi nao, ausukume au auvute mkono, ndipo unajua kama upo kazini au umelala. Hilo nililijua vizuri kichwani. Vidole ndivyo vilivyokataa.

Nikaanguka mtihani wa vitendo. Chuo kilikuwa na sheria moja ambayo kila mtu aliijua: ukianguka mara mbili unafunga sanduku lako. Nilibakiwa na mara moja. Nililia siku nzima, kwa sababu kazi hii niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kujaribu, na nilikuwa naipoteza kwa aibu tu.

“Unalia nini?” shemeji aliniuliza. “Mtihani si upo kwenye mwili wangu? Wewe njoo tufanye mazoezi.”

Tukafanya mazoezi ukumbini, dada akiwa pembeni anakunja nguo, kama mlinzi wa heshima. Shemeji alikaa kwenye kigoda, bega la kulia kwenye kabati, akanipa upande wa kushoto. Kidogo kidogo vidole vilipata ujasiri. Wiki ya pili akaniambia kwa sauti ya mtu anayeuza kitu cha wizi:

“Nikwambie kitu? Siku ya mtihani ukigusa pale penyewe, nitautikisa.”

“Utautikisa nini?”

Akatazama dirishani kama vile hayumo. Mkumbatiaji wa kushoto ukaruka peke yake, mara mbili. Halafu wa bega. Halafu meno ya msumeno, moja baada ya jingine, au ndivyo alivyodai. Alikuwa amejifunza kuifanya misuli yake ikonyeze.

“Nimeshawahi kusikia watu wanaiba mtihani kwa karatasi,” alisema dada, “na wengine kwa viatu. Kwa kifua, hii ni ya kwanza.”

“Si wizi. Ni ushirikiano.”

Nilimwambia basi tuupitie na upande wa kulia. Akavaa shati. “Hao ni mapacha,” akasema. “Ukimjua mmoja umewajua wote.”

Siku ya mtihani alikuja msimamizi kutoka nje, bwana mnene mwenye kalamu sikioni na nyingine mkononi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukishika kiti cha shemeji na kukivuta hadi katikati ya chumba, ili aweze kumzunguka. Shemeji alikifuata kiti kwa macho kama mtu anayetazama kitanda chake kikitolewa nje. Alisema neno kuhusu mwanga. Msimamizi akawasha taa.

Kadi zilikuwa zimelazwa mezani kifudifudi, kila mtu anachukua ya kwake. Mwenzangu wa kwanza akapata msuli mkubwa wa kifua, kushoto. Aliweka vidole, na mara nikaona kifua cha shemeji kimeruka. Kumbe ushirikiano ule alikuwa ameutangaza kwa darasa zima. Mwenzangu alishtuka akarudi hatua nyuma, lakini alifaulu. Wa pili alifaulu. Wa tatu alipopata msuli wa bega, shemeji aliutikisa hata kabla hajaguswa, na msimamizi akauliza kama mzee ana baridi.

Zamu yangu ikafika. Kadi yangu iliandikwa: Msuli wa msumeno, upande wa kulia. Onyesha unapoanzia, onyesha unapoishia, pima nguvu zake.

Nilivuta pumzi. Nikasimama upande ambao sikuwahi kusimama. Nikaeleza kwamba unaanzia kwenye mbavu za juu, nane au tisa, unapita nyuma chini ya kombe la bega, unashika ukingo wake wa ndani, na kazi yake ni kulibana kombe lisiachane na mbavu na kulizungusha tunapoinua mkono. Sauti yangu ilikuwa nzuri tu. Nikabonyeza kwa nguvu ubavu wa tano, chini ya kwapa, nikangoja kukonyezwa.

Kimya.

Nikashuka ubavu mmoja. Kimya. Nikapanda miwili. Nilimtazama shemeji usoni; alikuwa anahesabu mbao za dari. Nikafikiri labda mahubiri ya dada yamemwingia na ameamua kuokoka siku hiyo hiyo, kati ya siku zote. Chini ya vidole vyangu palikuwa na ngozi, kisha mbavu, na katikati ya hivyo viwili kitu chembamba kilicholegea, ambacho hakikufanana hata kidogo na pacha wake.

“Simama, tafadhali,” nilimwambia. “Usukume ukuta. Kwa mikono miwili.”

“Mmoja hautoshi?”

“Miwili,” alisema msimamizi.

Shemeji akatembea hadi ukutani polepole, kama anayetumwa dukani wakati wa mpira. Akaweka viganja. Akasukuma. Kombe la kushoto lilibaki limelala juu ya mbavu, kimya na nadhifu. La kulia liliinuka. Ukingo wake ulitoka nje ya mgongo kama mlango wa kabati uliong'oka bawaba, mpaka ungeweza kuingiza vidole nyuma yake. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma ukurasa mmoja tu kitabuni: mshipa wa fahamu unaoulisha msuli huu hupita juu, karibu na ngozi, na mzigo mzito ukilala begani mwaka baada ya mwaka unaweza kuubana hadi ukakata mawasiliano. Msuli hubaki pale pale, lakini haupokei tena amri.

“Shemeji,” alininong'oneza huku uso umeelekea ukutani. “Sema ni mzima.”

Niliona karatasi ya alama mkononi mwa msimamizi. Ilikuwa imejazwa na Mwalimu mwenyewe, na niliweza kuisoma kutoka pale: misuli yote ya mtu wa mfano ni mizima. Ningesema neno moja, mzima, ningepata alama zote na ningekula chakula cha jioni na watu wenye furaha. Nikisema vingine, nampinga Mwalimu kwenye chumba chake, kwenye nafasi yangu ya mwisho, na namvua nguo shemeji kwa namna ambayo kukaa kifua wazi miaka minne hakujamvua. Nilimpenda sana mzee yule wakati ule. Na nilijua pia kwamba ukianza kazi hii kwa kumwambia mgonjwa yuko sawa ili asikasirike, bora urudi kwenu ukalime.

“Haufanyi kazi,” nilisema. “Msuli wa msumeno wa kulia haufanyi kazi. Si leo wala jana. Ni muda mrefu.”

Msimamizi akatazama karatasi. “Hapa imeandikwa mzima.”

“Karatasi haijasukuma ukuta,” nilijibu, na hapo hapo nikatamani niyameze maneno yale.

Mwalimu alitoka kwenye kona yake. Alivaa miwani. Akaweka kiganja kwenye kombe lile, akalibana kwenye mbavu, akaliachia, likainuka tena. Alifanya hivyo mara tatu. Halafu akauondoa mkono, akasema kwa sauti ndogo sana, “Miaka minne namchora mtu upande mmoja.” Shemeji hakugeuka. Alibaki anasukuma ukuta ule kama vile bado kuna aliyemwambia asukume, mpaka nikaenda kumvika shati lake.

Nilifaulu. Sikufurahi.

Njia ya kurudi nyumbani shemeji alitangulia hatua kumi, nami nikamfuata na begi langu. Kwenye kona ya kinyozi alifunga vifungo vyote hadi shingoni. Tulipokaribia mlangoni akasimama.

“Hakukuwa na ugomvi,” aliniambia.

“Ugomvi gani?”

“Wa ghalani. Msimamizi yule hakunikosea kitu. Nilikuwa napanda ngazi na gunia, ngazi ya saba, bega likakataa. Tu. Likakataa. Gunia likaenda, likampita mwenzangu sikioni. Angekufa yule. Nikashuka nikaitundika kamba yangu ya kufungia magunia, nikaondoka kabla hawajaniambia niondoke.” Akajifuta uso kwa mkono wa kushoto. “Dada yako aliolewa na Winchi. Mimi siwezi kuweka sufuria kwenye rafu. Sasa nakuomba, shemeji, umenisema huko na sawa, ni kazi yako. Lakini usimwambie dada yako.”

Nilimwahidi. Ningemwahidi chochote. Nilijisikia mwizi na shahidi kwa pamoja.

Aliingia kuoga. Dada alikuwa jikoni anamenya viazi. Aliuliza, nikamwambia nimefaulu, akanikumbatia na kisu mkononi. Halafu akarudi kwenye viazi vyake.

“Walikupa upande gani?”

Nikajifanya natafuta kikombe.

“Ni bega la kulia, si ndiyo?” alisema dada. “Usinijibu. Najua kakukataza.”

Akanyoosha kisu kuelekea juu ya mlango wa jikoni. “Tazama pale. Unaona vile vidoa vyeupe?”

Niliviona. Vilikuwa vinne, juu kabisa, karibu na dari, vinavyong'aa kidogo zaidi ya rangi ya ukuta.

“Ni matundu ya misumari. Nimeyaziba kwa dawa ya meno. Pale ndipo lilipokuwa linatundikwa koti lake, na kofia, na taulo. Rafu ya sufuria nayo ilikuwa huku juu ya dirisha. Nilimwona asubuhi moja, ile wiki aliyotoka ghalani, anarusha taulo kwenye msumari. Anarusha, linaanguka, anaokota. Mara tano. Mimi niko nyuma ya pazia.” Alimenya kiazi kizima kabla hajaendelea. “Nikaanza kushusha. Wiki hii msumari mmoja, mwezi ujao mwingine. Rafu nilimwambia fundi mchwa wameila. Ilinichukua karibu mwaka mzima, na hajagundua. Siku moja ameniambia nyumba yetu siku hizi imekaa vizuri, kila kitu kiko karibu.”

Nilicheka, kisha kicheko kikageuka kuwa kilio, nikasingizia kitunguu ambacho hakikuwepo. Nyuma yetu shemeji alitoka bafuni. Akanyoosha mkono wa kulia, usawa wa kifua chake, akachukua taulo kwenye msumari bila shida yoyote.

“Mke wangu!” akapaza sauti. “Umesikia? Shemeji amefaulu! Kwa kifua hiki hiki!” Akanitazama, akanikonyeza kwa jicho safari hii, kunihakikishia kwamba siri yetu iko salama.

“Hongereni wote wawili,” alisema dada.

Alipokwenda kuvaa, dada alinisogelea. “Sasa wewe ndiye mtaalamu. Mkono ule utarudi?”

Nilimwambia ukweli. Msuli wenyewe pengine hautaamka tena, umekaa sana, lakini majirani zake, mto wa gunia na wengine, wanaweza kufundishwa kubeba sehemu ya kazi yake, na mkono ukapanda kiasi. Itachukua miaka. Mwalimu ameshaomba aanze Jumatatu.

“Basi mtibu,” alisema dada. “Na mkono ukianza kupanda uniambie mimi kwanza, kabla yake. Nirudishe misumari taratibu.”

Huu ni mwaka wa tatu. Dada ameurudisha mmoja, ule wa kofia, akaupandisha kiasi cha upana wa kiganja. Shemeji anaufikia, ila kwa kujinyoosha kidogo, na juzi kwa kinyozi ameeleza wateja wote kwamba utu uzima umeanza kumjia, maana anahisi kabisa amepungua urefu.